Mwaka Ambao Mama Alikuwa Kigoma

Shangazi yangu hakuwa mwongo. Dukani kwake alikuwa akimwambia mteja kitambaa hiki kitachuja, chukua kile, na wateja wengine walikuwa wakiondoka bila kununua chochote. Nalisema hili mapema ili nisionekane namchukia bure. Namchukia kwa sababu moja maalumu: mama yetu alipofariki, yeye ndiye aliyeamua kwamba mdogo wangu asiambiwe.

Mama alikuwa akiuza vitenge. Mara kwa mara alikwenda Kigoma, ng'ambo ya ziwa, kufuata mzigo, akipanda meli ya shehena pale Bandarini mjini kwetu, kwa kuwa papa, baba yetu, alifanya kazi ya kupitisha bidhaa forodhani na manahodha wote walimjua. Alikuwa akirudi na biskuti za Tanzania, kandambili mpya, na harufu ya dizeli kwenye nguo. Mdogo wangu, aliyeniita yaya, yaani dada mkubwa, hakuwa ameanza shule ya msingi, lakini alijua kabisa kwamba mama ni mtu wa kwenda na kurudi. Hakulia mama alipoondoka, alikuwa akiuliza tu ataletewa nini.

Ugonjwa ulimchukua mama haraka. Jumapili alikuwa akilalamika tumbo, Jumapili iliyofuata tulikuwa tunatandika magodoro sebuleni kwetu, mtaa wa Kamenge, ili wafiwa na wageni wapate pa kulala, kama ifanyikavyo kwenye kilio. Mdogo wangu alikuwa amepelekwa nyumbani kwa shangazi, mtaa wa Mutanga Sud, tangu mama alipolazwa. Huko alikuwa akitazama katuni na kula mkate wenye siagi. Sisi tulikuwa chini ya hema la kukodi, tukipeana mikono na watu waliotuambia "mwihangane, mwihangane", vumilieni. Tulimzika bila yeye.

Wageni walipopungua, shangazi alimwita papa chumbani, nami nikaingia nyuma yao bila kuitwa. Nilikuwa na miaka kumi na mitano na sikuwa na habari ya adabu siku hizo.

"Ule mutoto iko mudogo sana," shangazi alisema. "Ukimuambia, atagonjwa. Tumuambie mama alienda Kigoma. Pole pole atasahau."

"Atasahau mama, Tantine?" nikauliza.

"Atasahau kuuliza."

Papa alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, akitazama soksi zake. Alisema, "Tutamuambia kisha ya kuganduka. Sasa ivi mi siwezi."

Kwa asiyejua mambo ya kwetu: msiba hauishi siku ya mazishi. Familia inabaki ndani ya msiba hadi mwaka uzunguke au ukaribie, ndipo watu wanaitwa tena, kunanunuliwa bia na soda, mzee mmoja anasimama na kutangaza kwamba kulia kumekwisha. Hiyo ndiyo kuganduka. Kabla ya hapo hakuna harusi katika nyumba hiyo, wala aliyefiwa na mke haoi. Baada ya hapo hakuna machozi. Anayelia baada ya kuganduka anaonekana anaita kifo kingine.

Sasa tazama alichokisema papa. Mtoto ataambiwa mama yake amekufa siku ambayo kumlilia mama huyo kumeshakuwa mwiko. Niliwaambia hapohapo. Nilisema kama ataambiwa, aambiwe kabla, apate kulia pamoja nasi, la sivyo hatalia kamwe. Shangazi akaniambia nimekuwa na maneno mengi tangu niingie sekondari. Watu wazima wawili, mmoja mwenye duka na mwingine anayesoma nyaraka za forodha kutoka nchi tatu, na hawakuona jambo hilo.

Mdogo wangu alirudi nyumbani, na nyumba ikageuzwa kuwa nyumba isiyofiwa. Picha ya mama ikatolewa ukutani na kuwekwa juu ya kabati, uso chini. Nguo zake zikafungwa na kupelekwa Mutanga Sud. Wageni waliochelewa kuja kutoa pole walipokelewa barabarani, kama wadai. Mimi nilikatazwa kulia nyumbani, kwa kuwa mtoto angeona na kuuliza. Basi nikawa nalia njiani nikitoka shule, kuanzia barabara kubwa hadi duka la kona, pale naomba maji, nanawa uso, naingia nyumbani nikiwa na sura ya mtu aliyefaulu mtihani.

Na kila mtu alikuwa na sentensi yake kwangu, na sentensi zote zilikuwa moja: sasa wewe ndiye mama. Jirani aliisema, mwalimu aliisema, hata padri. Walinipa cheo bila kuniuliza. Nilitaka mmoja tu aniulize kama ninalala, kama nimekula, kama ninamkumbuka. Hakuna aliyeuliza. Niliambiwa nijikaze, nami nikajikaza mpaka mgongo ukawa unaniuma.

Mdogo wangu aliuliza kila siku. Shangazi alikosea sana katika hilo, maana mtoto hakusahau kuuliza hata siku moja. Aliuliza kwa utulivu, kama anayeuliza saa. Meli imeharibika? Mzigo ni mwingi? Papa alijibu ndiyo kwa kila kitu. Halafu mtoto akaanza kudai kuongea na mama kwa simu, na papa akadai mtandao wa Kigoma ni mbaya, na mtoto akasema mbona papa anaongea na watu wa Kigoma kila asubuhi.

Siku iliyofuata simu ya papa iliita wakati wa chakula. Aliipokea, akasikiliza, akampa mtoto bila kumtazama mtu yeyote.

"Mama!" mdogo wangu alipiga kelele. "Jino yangu ilitoka! Niliiweka, nakungojea uione. Utakuja lini?"

Nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia sauti iliyotoka kwenye simu. "Nitakuja, chérie. Kazi iko mingi. Usisumbue yaya yako, unasikia?"

Ilikuwa sauti ya shangazi. Alikuwa ameipunguza na kuivuta kidogo mwishoni, jinsi mama alivyokuwa akivuta, na ndicho kilichonichoma zaidi, kwamba alikuwa ameifanyia mazoezi. Niliacha sahani yangu nikatoka nje. Mtoto akanifuata akiwa anang'aa kwa furaha.

"Yaya, mama iko na grippe. Mafua ilibadilisha sauti yake."

Ikawa desturi. Shangazi alipiga kila Jumamosi. Papa naye akaanza kuleta vifurushi kutoka Bandarini: biskuti, kandambili, siku moja gauni la njano. Kwa kuwa vilipita kweli kwenye maghala, vilinuka dizeli na dagaa, na mdogo wangu alivinusa kabla ya kuvifungua. Nilimwuliza shangazi kama haogopi Mungu. Akaniambia anafanya kwa upendo. Naamini alifanya kwa upendo, na sijui hilo linamsaidia mtu gani.

Kamenge haina ukuta wa kuzuia maneno. Mchana mmoja watoto walikuwa wakiruka kamba mbele ya lango, na binti wa jirani, mwenye umri sawa na mdogo wangu, alisema bila ubaya wowote, "Mama yako alikufa, we. Sisi tulikuja kwenu, tulikunywa fanta."

Mdogo wangu alimpiga kofi, kisha akaja mbio ndani. Papa na mimi tulikuwa sebuleni. Alisimama mbele yangu.

"Yaya, ni kweli?"

Nilimtazama papa. Nilifikiri, sasa, mlango umefunguka wenyewe, huhitaji hata kuusukuma.

"Uliza papa," nikasema.

"Papa, ni kweli?"

"Apana," papa alisema. "Ule mutoto anadanganya."

Jioni hiyo shangazi alikwenda kwa jirani kulalamika. Msichana wa watu akachapwa kwa kusema kweli.

Nilimfuata papa Bandarini. Sikutaka kuongea naye nyumbani, ambako kila ukuta ulikuwa na masikio ya mtoto. Nilimkuta kwenye kivuli cha ghala, wapagazi wakishusha saruji, yeye akiwa na makaratasi yake mkononi na vumbi la kijivu kwenye nyusi. Nilimwambia mwaka unakwisha. Nilimwambia siku ya kuganduka imekwisha pangwa, wajomba wameitwa, na mtoto hajui amefiwa. Nilimwambia ana haki ya kumlilia mama yake kama sisi.

Alinivuta pembeni. "Unajua juu ya nini siwezi?" alisema. "Nikimuambia, na mi nitasikia."

Sikuwa nimewahi kufikiri hivyo. Kwamba Jumamosi, mtoto anapoongea kwenye simu, labda papa naye anasikiliza. Nilimwonea huruma, na huruma hiyo ilidumu mpaka nilipofika kituo cha mabasi. Hapo nikakumbuka kwamba yeye ni mtu mzima na mdogo wangu ni mtoto, na kwamba mzigo wake alikuwa ameutua kwenye kichwa kidogo kuliko chake. Kabla hatujaachana alikuwa ameniahidi kwamba atasema kabla ya Noeli. Noeli ilikuja, tukaenda misa, tukala wali na nyama, na "mama" akapiga simu kutakia sikukuu njema.

Siku hizi watu wakifiwa mtaani hunijia, kwa kuwa habari yetu inajulikana, na kuniuliza mtoto aambiweje. Wanatarajia maneno matamu. Ninawaambia: mwambie amekufa. Tumia neno hilohilo. Usiseme amelala, mtoto ataogopa kitanda. Usiseme amesafiri. Kisha kaa hapo, usikimbie, ajibiwe kila anachouliza hata akiuliza mara kumi. Na yule mkubwa mwenye miaka kumi na minne, kumi na mitano, usimpe nyumba aendeshe, mpe bega. Wengine wananiona nina roho ngumu. Wanasema ndiyo, ndiyo, halafu wanakwenda kumwambia mtoto kwamba baba yuko Dar es Salaam.

Siku ya kuganduka tuliamkia misa, tukaenda makaburini, tukarudi nyumbani ambako uani palikuwa na hema lilelile la kukodi. Mdogo wangu alikuwa ameachwa Mutanga Sud na mfanyakazi wa shangazi. Mpango ulikuwa kwamba atarudishwa kesho yake, chupa zikishaondolewa. Kuhusu kumwambia, hakuna aliyekuwa akizungumza tena. Nilielewa kwamba "kisha ya kuganduka" ilikuwa na maana ya kamwe.

Mjomba, kaka yake mama, alikuwa ameshuka kutoka mlimani na koti lake zito. Yeye hakujua lolote kuhusu Kigoma. Kwa desturi, watoto wa marehemu husimamishwa mbele ya wageni ili watu wawajue na kuwapokea, na msemaji alipotuita nikasimama peke yangu. Mjomba akauliza kwa Kirundi, kwa sauti ya kusikika hema zima, dada yake aliacha watoto wawili, mbona anaona mmoja.

"Iko na homa," shangazi akasema.

Mjomba akajibu kwamba hata kama ana homa aletwe amefunikwa blanketi. Upande wa mama hautaganduka huku mtoto wao amefichwa. Akaketi, akakunja mikono, na ilikuwa wazi kwamba hatakunywa wala hataruhusu mtu anywe.

Niliona uso wa papa. Nilimwendea nikamnong'oneza aende yeye kumchukua, amwambie njiani, ndani ya gari, bado kuna nafasi. Shangazi alikuwa ameshachukua funguo.

Walichukua muda. Kumbe alimpitisha kwanza chumbani kumvisha imvutano, lile vazi letu la sherehe la kufunga begani, saizi ya mtoto, rangi ya waridi. Kwa kuwa shangazi hakuweza kumwambia msiba, alimwambia wanakwenda kwenye sherehe. Mtoto akajumlisha mwenyewe: nguo mpya, hema, viti, watu wengi nyumbani kwetu. Alishuka garini, akaniona, akanikimbilia katikati ya wageni wote.

"Yaya, mama alishafika?"

Nilimshika mkono. Nilifungua kinywa, na msemaji akaanza kuongea kwa kipaza sauti.

Aliwashukuru waliokuja. Aliwashukuru waliosaidia mwaka uliopita. Kisha akasema kwamba tumekusanyika kwa ajili ya mke wa nyumba hii, mama wa hawa mabinti wawili mnaowaona hapa, tuliyemzika.

"Walizika nani?" mdogo wangu aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya juu na safi, na watu kadhaa wakacheka, kama wanavyocheka watu mtoto akiongea kanisani.

Nilipiga magoti. Nilimwambia sikioni, "Mama. Mama alikufa. Si Kigoma. Alikufa." Ndivyo alivyoambiwa, kwa haraka, chini ya kipaza sauti, na huku juu yetu mzee anatangaza kwamba kuanzia saa hiyo tumeganduka, machozi yamekwisha, nyumba iko huru. Watu wakapiga makofi. Vifuniko vya chupa vikaanza kuruka.

Alinitazama, akamtazama papa. Papa alikuwa amesimama na chupa mkononi. Hakusema apana.

Ndipo akalia. Sijawahi kusikia kilio kama kile, na nimekaa kwenye vilio vingi. Wageni waliganda. Kisha wanawake wakaanza, "hora, hora", nyamaza, nyamaza, si kwa upole wa siku ya mazishi bali kwa wasiwasi, wakitazamana. Mmoja akafanya ishara ya msalaba. Shangazi alikuja mbio na fanta yenye mrija, akamshika mtoto mdomoni kwa mkono mwingine.

"Nyamaza! Tulishaganduka! Unataka kutuletea mukosi?"

"Tantine, toa mukono yako," nikasema. "Toa kabla sijakuuma."

Aliutoa. Nilimbeba mdogo wangu na imvutano yake ikiburuta, nikaingia naye ndani na kufunga mlango wa sebule. Nilikwenda chumbani nikavuta godoro langu, nikalitandika chini sebuleni, pale yalipokuwa magodoro ya kilio. Nilipanda kiti nikaishusha picha ya mama na kuipangusa vumbi kwa mkono wangu. Nilimwambia, hapa ni kilio cha mama, kimeanza sasa, lia unavyotaka.

Alilia, kisha akauliza, kisha akalia tena. Aliuliza mama yuko wapi, nikamwambia makaburini, na kwamba nitampeleka. Aliuliza kama alikuwa amevaa viatu. Aliuliza kama kulikuwa na mtu wa kumshika mkono alipokufa, nikasema mimi, na hiyo ilikuwa kweli. Aliuliza nani alikuwa akimpigia simu.

"Tantine."

"Nilimuambia mambo yangu yote," akasema.

Nje walikuwa wameanza kuimba, kwa kuwa bia ilikuwa imeshafunguliwa na haiwezi kurudishwa. Hapo nami nilianza kulia, ndani ya nyumba yetu, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Tulilala kwenye godoro tumekumbatiana kama watu waliookolewa majini.

Mlango ulifunguliwa taratibu. Papa aliingia, akavua viatu vyake vya sherehe, akaketi pembeni mwa godoro. Akaanza kulia. Alinyoosha mkono kumgusa mdogo wangu mguuni.

Mdogo wangu aliuondoa mguu. Alimtazama bila hasira, kwa uso uliovimba.

"Papa," alisema, "we ulishamaliza kulia. Rudi kwa wale wengine."

Papa alibaki pale akisubiri labda mimi niseme neno. Nilimvuta mdogo wangu karibu. Aliokota viatu vyake, akatoka, akaurudisha mlango nyuma yake.